Gari la umeme lipewe Luku yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu magari ya umeme ambalo wanaoyasifu na wanaoyaponda wote hulipita bila kuligusa. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari, naishi Tabata katika nyumba ya kupanga yenye milango mitatu, na tangu Oktoba 2023 naendesha Nissan Leaf ya mwaka 2016 iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Kila ninapoegesha huulizwa gari linafika wapi, betri inadumu miaka mingapi, na kama mvua ikinyesha halitapiga shoti. Ni maswali ya haki, na nitayajibu kwa kadiri ya uzoefu wangu. Lakini jambo lililonisumbua kuliko hayo yote lililetwa mlangoni kwangu alfajiri moja ya Novemba na jirani yangu wa mlango wa kati, ambaye hukaanga vitumbua na huamka kabla yetu sote. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na nilipoitikia akaendelea kwa adabu ileile: "Gari lako limekula Luku yetu."

Nyumba yetu ina mita moja ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Utaratibu wetu, ambao wapangaji wengi wa Dar es Salaam wanaufahamu, ni kwamba mwanzoni mwa mwezi kila mlango unatoa shilingi 20,000, mmoja wetu ananunua umeme kwa simu, kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inakatwa humohumo, na zinazobaki zinatupa uniti 160 na ushee, ambazo zilikuwa zikitusogeza hadi mwisho wa mwezi bila ugomvi. Nilipoleta gari niliongeza shilingi 30,000 juu ya fungu langu, nikajiona muungwana. Hesabu niliipiga mwenyewe: karatasi za kiwandani zinasema kwamba betri ya uniti 30, ikiwa mpya, hulipeleka gari kilomita 280 kwa kipimo cha Kijapani, nikagawanya, nikazidisha kwa siku za shule, nikapata jibu lililonipendeza. Mwezi huo Luku iliisha tarehe 20.

Nilipokaa na kuipitia upya hesabu hiyo niliona aibu ambayo sikuwasimulia wanafunzi wangu. Nilikuwa nimehesabu safari za shuleni Kibamba peke yake, nikasahau za sokoni, za kanisani na za misibani. Nilikuwa nimechukua kilomita za kwenye karatasi, ambazo hazijui foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu nje hakuna hata upepo. Na nilikuwa nimesahau jambo ambalo nalifundisha kidato cha tatu kila mwaka, kwamba umeme unaotoka ukutani haufiki wote kwenye betri, kwa kuwa sehemu yake hupotea njiani kwa kugeuka joto ndani ya chaja na nyaya. Wiki hiyohiyo nilikwenda Kariakoo nikanunua mita ndogo ya kufunga kwenye laini yangu ya kuchajia, nikaning'iniza daftari pembeni yake, na mwezi uliofuata mita hiyo ilisoma uniti 214. Kwa bei tunayonunulia, ambapo shilingi 10,000 hutoa uniti 28, gari lilikuwa limetumia zaidi ya shilingi 76,000. Majirani zangu walikuwa wamenilipia sehemu kubwa ya safari zangu kwa mwezi mzima, na mmoja wao anakwenda kazini kwa basi la mwendokasi akiwa amesimama.

Niliwarudishia fedha zao. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi tunakusanyika watu watatu mbele ya mita ndogo, jirani wa vitumbua anasoma tarakimu kwa sauti, mimi naandika, na kijana wa mlango wa tatu anapiga hesabu kwenye simu. Utaratibu huu unafanya kazi kwa sababu tunaheshimiana. Sioni, hata hivyo, kwa nini chombo cha usafiri kiendeshwe kwa kutegemea tabia njema za majirani.

Nisieleweke vibaya kwamba gari limenitia hasara. Nilipokuwa na Toyota ndogo ya petroli, kilomita hizohizo 1,300 kwa mwezi zilikuwa zikimaliza lita 110 hivi, na mwaka 2023, bei ya Dar es Salaam ilipopita shilingi 3,200 kwa lita, nilikuwa nikiacha kituoni zaidi ya shilingi 350,000, yaani zaidi ya mara nne ya ninachotumia sasa. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenzangu katika chumba cha walimu hunyamaza kusikiliza, nami huendelea kusahihisha madaftari. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kubadilisha. Breki nazitumia kidogo, kwa sababu ninapoachia mguu kwenye mteremko wa Kimara kuelekea Ubungo mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, kiasi kwamba jioni nyingine nimefika chini nikiwa na kilomita nyingi kwenye dashibodi kuliko nilizokuwa nazo juu. Kitu kinachonichosha ni yule mama wa Kijapani aliyemo ndani ya redio, ambaye kila niwashapo gari hunieleza jambo kwa upole sana, na hadi leo sijajua ananionya au ananisalimia tu.

Narudi kwenye ukuta. Waya wa kuchajia una kisanduku katikati chenye taa, na kazi yake ni kukagua umeme kabla ya kuupeleka kwenye gari. Jioni ya kwanza nilipouchomeka kwenye soketi ya barazani, taa ikawa nyekundu na gari likakataa. Fundi wa mtaani alifungua soketi akakuta waya wa ardhi umekatwa na kukunjwa nyuma, haujaunganishwa na chochote, kama ilivyo katika nyumba nyingi zilizofungwa umeme harakaharaka. Akanishauri tuunge kipande cha waya kutoka kwenye nyutro hadi kwenye tundu la ardhi, kisanduku kidanganyike, gari lichaji. Nilimkatalia. Ukifanya hivyo, siku nyutro itakapokatika kabla ya soketi hiyo, bodi la gari lenyewe linaweza kuwa na umeme, na mtoto anayelishika akitoka kuoga ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Fundi hakukasirika, aliniambia ameshafanya hivyo kwa watu wengine na hawajalalamika.

Tulichimbia fimbo ya shaba ardhini pembeni ya karo la maji, taa ikawa ya kijani, nikalala. Usiku wa nne niliamshwa na harufu. Plagi ilikuwa imelainika upande mmoja kama mshumaa, na uso wa soketi umekuwa wa kahawia. Sababu yake ni rahisi: waya wangu huvuta ampea 10, ambazo si nyingi, na pasi au birika huweza kuvuta kiasi hicho bila kuleta shida, lakini pasi hufanya kazi kwa dakika kumi na gari lililokauka chaji huvuta saa nane au tisa mfululizo, ndani ya soketi kuukuu ambayo vibati vyake vimeshalegea. Ndipo nilipomwendea mzee mwenye nyumba, nikamwomba ruhusa ya kuvuta laini ya pekee kutoka swichi kuu, yenye waya mnene, soketi mpya na swichi yake ya kukata umeme. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nyumba itaungua, akakubali kwa sharti kwamba siku nikihama laini hiyo itabaki. Nilikubali, kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

Kuhusu mgao wa umeme sina haja ya kusema mengi, kwani tuliuishi wote. Gari liliingia bandarini wakati mgao wa mwisho wa mwaka 2023 umepamba moto, na wenzangu walinicheka kwamba nimenunua friji lenye magurudumu. Nilijifunza kuchomeka kila umeme unaporudi bila kusubiri betri ishuke, na kwa kuwa safari zangu za siku moja zinahitaji saa tatu na nusu tu za kuchaji, sikuwahi kulala njiani. Kulikuwa hata na usiku ambao mtaa mzima ulikuwa gizani na gari langu ndilo lilikuwa kituo cha kuchajia simu. Watoto wa milango yote mitatu walipanga foleni na nyaya zao kwenye tundu la kuwashia sigara, na jirani wa vitumbua akasema kwamba sasa Luku yake inarudi.

Asubuhi yake gari halikuwaka. Dashibodi nzima ilikuwa kimya, ilhali betri kubwa ilikuwa na umeme wa kunifikisha shuleni na kurudi. Wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri mbili: kubwa iliyo chini ya sakafu, inayosukuma magurudumu, na ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, ambayo huamsha kompyuta na kuiruhusu ile kubwa kufanya kazi. Tundu la sigara linakula kwenye ile ndogo, na ile ndogo hujazwa na kubwa pale gari linapokuwa limewashwa au linachajiwa. Mimi niliacha swichi kwenye nafasi ya redio tu, gari lenyewe halijawashwa, simu zikainyonya usiku kucha. Jirani mwenye Noah alikuja na nyaya zake, akabusti gari la umeme kwa gari la petroli mbele ya hadhara, na nadhani picha hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu wa mtaa wetu.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuingiza megawati 235 kwenye gridi, na mitambo yote tisa ilipokamilika uwezo wake ukawa megawati 2,115. Hali ya umeme nyumbani kwetu imebadilika tangu hapo, na katika mazungumzo ya sasa sisikii tena watu wakiuliza kama umeme upo. Wanauliza bei.

Sasa umbali. Kwenye dashibodi ya gari hili, upande wa kulia, kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri, na hivi havihusiani na kiasi cha chaji. Ni kama meno ya mzee, kikitoka hakirudi. Picha nilizotumiwa kabla ya kununua zilionyesha kilomita, viti, hata kapeti la buti, lakini sehemu hiyo ya dashibodi haikuonekana katika picha hata moja, na mimi sikuuliza. Gari lilifika na vipande 10. Leo vimebaki 9, kwa sababu betri ya gari hili haina mfumo wa kupozwa kwa maji na joto la Dar es Salaam haliisamehi, na kwa sababu ni kawaida ya betri kuchakaa. Kwa hali hiyo sihesabu zaidi ya kilomita 120 kwa chaji moja. Yeyote anayefikiria kununua gari kama hili adai picha ya vipande hivyo kabla ya kutuma fedha, na asipotumiwa, aachane nalo. Kuhusu mvua, nyaya za betri kubwa zimefunikwa, zimetengwa na bodi, na mfumo hujikata wenyewe ukihisi hitilafu. Nimepita kwenye madimbwi yote ambayo Toyota yangu ilipita. Kwenye mto uliofurika sipiti, na Toyota nayo sikuipitisha.

Kilomita 120 zinatosha mjini, lakini mara moja nilialikwa harusi Bagamoyo, na kwenda na kurudi ni kilomita 140 hivi. Nilifika nikiwa na nusu, nikaingia nyumba ya wageni, nikamwambia dada wa mapokezi kwamba pamoja na chumba naomba kuchaji. Akanionyesha soketi ya simu kando ya kitanda. Nilipomweleza kwamba ninachotaka kuchaji kiko uani, alitoka nje kukitazama, akarudi, akampigia simu bosi wake, na baada ya maelezano marefu tukakubaliana shilingi 5,000 kwa usiku mzima. Nilichaji kwa saa sita, yaani uniti 14 kasoro kidogo, ambazo kwa Luku ni karibu shilingi 5,000 hizohizo. Sisi sote wawili hatukujua kwamba tulikuwa tumefikia bei ya haki kwa kubahatisha. Morogoro sijawahi kujaribu. Ninapokwenda huko napanda treni ya SGR, ambayo tangu Juni 2024 inatufikisha kwa umeme bila mtu kuuliza Luku ni ya nani, kwa kuwa reli hiyo ilijengewa njia yake yenyewe ya kusafirisha umeme tangu mwanzo.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, Mhariri. Treni ilipewa njia yake. Gari la umeme, bajaji ya umeme na pikipiki ya umeme vimeachwa vijibanze kwenye mita ya jikoni. Mwalimu mwenzangu aliyepanga ghorofa ya tatu Sinza alinunua gari kama langu mwaka 2024. Mwenye nyumba wake alikataa katakata waya kushushwa dirishani, na sikumlaumu. Mwenzangu akawa anachaji kwa shangazi yake siku za Jumamosi na kwa kuomba ruhusa shuleni siku nyingine, na baada ya miezi mitano akaliuza na kurudi kwenye petroli. Jamaa yangu mwingine ana nyumba yake Kinyerezi, na shida yake ni ya namna nyingine. Alikuwa kwenye tarifu ya wateja wadogo, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita tarifu namba 4, ambapo anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Uniti zinazozidi hapo huhesabiwa kwa bei ya juu, na anayezidisha huhamishiwa tarifu ya matumizi ya kawaida ya shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Bajaji yake ya umeme ilimvusha kikomo hicho mwezi wa kwanza. Sasa taa, televisheni na friji ya nyumbani kwake, ambavyo havijaongezeka hata kimoja, vinalipiwa karibu mara tatu ya zamani kwa sababu ya chombo kinachomtafutia riziki. Mkewe haioni bajaji ile kama ukombozi, na hesabu ziko upande wa mkewe.

Ninachopendekeza ni kwamba mtu anayechaji chombo cha usafiri nyumbani, awe na nyumba yake au amepanga, aruhusiwe kuomba mita ya pili kwa kazi hiyo moja, yenye tarifu yake, isiyoingiliana na mita ya nyumba. Mita hiyo ingemaliza hesabu zetu za daftari Tabata. Ingemrudisha jamaa wa Kinyerezi kwenye tarifu yake ya nyumbani. Tena, kwa kuwa mita haifungwi bila nyumba kukaguliwa, ingemlazimu kila mwenye chombo kuwa na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, na yule fundi wa kipande cha waya angekosa kazi hiyo. Jambo hili si geni kwa majirani zetu. Kenya, kupitia mamlaka yake ya nishati, EPRA, ilianzisha mwaka 2023 tarifu ya vyombo vya umeme ya shilingi 16 za Kenya kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na shilingi 8 kwa nyakati ambazo matumizi ya nchi huwa madogo, na anayeitaka hufungiwa mita yake. Rwanda iliamua tangu mwaka 2021 kwamba vituo vya kuchajia vilipe bei isiyozidi ya umeme wa viwandani.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu jirani yangu wa vitumbua alishanipa. Aliniuliza kwa nini mwenye gari apewe umeme wa bei nafuu wakati yeye anayepikia watu chai anaambiwa aache mkaa na kulipa bei ya kawaida. Sina jibu la kumshinda, na ndiyo maana naitanguliza mita kabla ya bei. Hata kama tarifu hiyo ya vyombo itakuwa ileile ya shilingi 292 ninayolipa leo, mita ya pekee itakuwa na faida zote nilizozitaja. Punguzo, kama litakuwepo, liwe la usiku, kuanzia saa tano hadi alfajiri, na kwa yeyote anayetumia umeme saa hizo, akiwa anachaji gari au anagandisha barafu za kuuza. Mita za Luku tulizonazo majumbani huhesabu uniti bila kuuliza ni saa ngapi, kwa hiyo leo mimi sina sababu yoyote ya kifedha ya kungoja saa tano. Nikifika saa moja jioni, wakati taa na pasi za jiji zima zimewaka, nachomeka palepale na kuongeza mzigo katika saa mbaya kuliko zote. Mara nyingi nangoja, lakini nangoja kwa sababu nafundisha fizikia. Huwezi kuendesha gridi kwa kutegemea hilo.

Kuna hoja nyingine ambayo wenye magari ya umeme hawatapenda niitoe. Kila lita ya petroli inakatwa tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara, na mimi tangu Oktoba 2023 sijanunua lita hata moja, ingawa natumia njia nane za Kimara kila siku kama wengine. Haiwezi kuendelea hivyo vyombo hivi vikiwa vingi. Mita ya pekee ndiyo mahali pepesi pa kukusanyia mchango huo, uniti kwa uniti, kama kodi ya jengo inavyokusanywa sasa kwenye Luku. Ila iangaliwe kwa makini kwamba mita ya pili katika jengo lilelile haikati kodi ya jengo mara ya pili, na kwamba mpangaji halipii jengo la mtu mwingine kwa sababu tu yeye ndiye aliyenunua umeme. Ugomvi huo tunao tayari na hatuhitaji wa pili. Mimi niko tayari kulipia barabara. Nataka tu nilipie ya kwangu, jirani yangu asinisaidie bila kujua.

EWURA huitisha mkutano wa taftishi kila bei za umeme zinapoombewa mabadiliko, na wananchi huruhusiwa kusema. Nitakwenda na daftari langu la mita ndogo, ambalo sasa lina kurasa za zaidi ya mwaka mzima, kila mwezi ukiwa na saini tatu. Jirani wa vitumbua amesema kwamba kama mkutano utakuwa mchana, baada ya kumaliza biashara, naye atakuja.

Mwalimu wa fizikia,
Tabata, Dar es Salaam